Redio za onyo kati ya malori na mabasi, Dodoma hadi Manyoni: uchambuzi wa kisa

Majina ya watu, kampuni, chuo na mtengenezaji wa vifaa yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mhusika yamebadilishwa. Barabara, vimo vya antena na fizikia yake vimeachwa vilivyo, maana bila hivyo kisa hakifundishi kitu. Mimi niliitwa kazi ikiwa nusu, baada ya pande mbili kushindwa kukubaliana kama mfumo unafaa au haufai. Wote wawili walikuwa na takwimu mkononi.

Usuli

Kampuni moja yenye yadi pembezoni mwa jiji la Dodoma husafirisha makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Malori yake hupita Morogoro na Dodoma, hushuka Bahi na Kintinku, hupanda mlima wa Saranda hadi Manyoni, kisha huendelea Singida. Mmiliki huyo huyo ana mabasi machache kwenye njia hiyo. Kilichomsukuma ni kile kinachomnyima usingizi kila mwenye gari kwenye barabara ya njia mbili: ajali za uso kwa uso wakati wa kulipita lori.

Wahandisi vijana wa chuo kimoja walimpelekea pendekezo. Kila gari lifungwe redio ya masafa ya gigahezi 5.9, ya kiwango cha 802.11p kilichopitishwa mwaka 2010 kwa ajili ya magari. Redio hutangaza mahali gari lilipo, mwendo wake na uelekeo wake, mara kumi kwa sekunde. Haihitaji mnara wala laini ya simu; gari huongea na gari. Hapo ndipo inapotofautiana na vifaa vya kufuatilia mabasi ambavyo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, huvitaka, kwa sababu vile hupeleka taarifa kwenye seva ili msimamizi aone, na dereva wa basi jingine hanufaiki navyo papo hapo.

Jambo moja kuhusu redio hizi ni la kushikwa tangu mwanzo. Ujumbe hutangazwa kwa yeyote aliye karibu. Anayeupokea hajibu kwamba ameupata, na ukipotea haurudiwi. Kinachofuata ni ujumbe mpya baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo gari linalotangaza halijui kama limesikika.

Mkataba uliandika lengo kwa sentensi moja: asilimia 90 ya ujumbe ifike magari yanapokuwa ndani ya mita 300. Lengo la aina hiyo ni la kawaida kwenye maandiko ya fani hii, na hakuna aliyeuliza mita 300 zilitoka wapi.

Yaliyotokea

Kazi ilianza na modeli ya kompyuta. Ilikuwa na sehemu mbili: moja ilikadiria mawimbi yanavyofifia kadiri umbali unavyoongezeka, ikichanganya bahati nasibu ya kufifia na kurudi inayoitwa Nakagami, nyingine ilikadiria redio nyingi zinavyogombania hewa. Vigezo vyote vilichukuliwa kwenye tafiti za miji mikubwa ya nje, yenye majengo pande zote na maelfu ya magari. Modeli ilisema lengo litafikiwa bila shida.

Vifaa vikafungwa. Antena ziliwekwa juu ya paa la kichwa cha lori na juu ya paa la basi, kimo cha mita 3.5 hivi kutoka lami. Kwenye dashibodi kukawa na skrini ndogo yenye rangi mbili: nyekundu na mlio kama kuna gari linalokuja, kijani kama hakuna.

Ripoti ya kwanza ilionyesha wastani uliopita lengo. Mmiliki alifurahi na kutaka kufunga magari yote yaliyobaki. Ila madereva walikuwa na lao. Walisema kwenye mbuga ya Bahi, mahali palipo wazi na tambarare kuliko pengine popote njiani, lori la mbele “hupotea” kwenye skrini kwa muda mrefu ilhali wanaliona kwa macho. Mjini, katikati ya majengo, halipotei.

Sababu zikatafutwa haraka haraka. Vumbi jekundu. Joto ndani ya dashibodi. Mvua za Januari. Utingo anayechomoa waya ili achaji simu. Hili la mwisho lilikuwa kweli kwenye gari moja, na kiunganishi cha antena kilikutwa kimelegea kwenye jingine, lakini havikueleza malalamiko ya magari mengine. Mvua na vumbi havikuwa na kesi ya kujibu: kwenye masafa haya hata mvua kubwa haili desibeli moja (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kupungua au kuongezeka) kwa kilomita nzima.

Kisha basi moja lilichomoka nyuma ya lori lenye kontena, skrini ikiwa ya kijani, likakuta Fuso linakuja. Dereva aliwahi kurudi nyuma ya lori na hakuna aliyeumia. Fuso halikuwa na redio, kwa hiyo upande wa chuo ulisema mfumo haukukosea. Mmiliki alijibu kwamba yeye hakununua mfumo wa kutokukosea, alinunua wa kuzuia ajali. Hapo ndipo nilipoitwa.

Kabla ya kufungua data nilimwomba mhandisi mmoja anipeleke kwa madereva. Tulimkuta mmoja wa wakongwe yadini, akisubiri makaratasi.

“Shikamoo mzee. Hiki kifaa unakionaje?”

“Marahaba mwanangu. Kinasaidia. Kikilia napunguza, kikinyamaza najua mbele kweupe.”

“Nani alikwambia kikinyamaza mbele kweupe?”

“Si hiyo taa ya kijani mliyoweka?”

Mhandisi alinyamaza. Mazungumzo hayo yalibadilisha swali letu lote. Tulikuwa tukihesabu ujumbe uliofika, na dereva alikuwa akiendesha kwa kufuata ule usiofika.

Wastani ulipotoka

Tulianza na kumbukumbu zilizotengeneza wastani. Zilikuwa na matatizo matatu, na yote yalivuta upande mmoja, wa kupendeza.

La kwanza, redio ziliachwa zikiwaka malori yakiwa yameegeshwa. Madereva hulala njiani, malori yakiwa ubavu kwa ubavu, na usiku kucha redio zinasalimiana kutoka mita tano. Ujumbe wote huo, uliofika bila shida, ulihesabiwa kuwa “ndani ya mita 300”. Ulikuwa sehemu kubwa ya data.

La pili ni la kificho zaidi. Umbali kati ya magari ulikokotolewa upande wa mpokeaji, kwa kutumia mahali palipoandikwa ndani ya ujumbe uliofika. Ujumbe usipofika, mpokeaji hajui mwenzake yuko wapi. Baada ya ukimya mfupi programu ilimfuta kwenye orodha. Ukimya mrefu kwa hiyo haukuhesabiwa kama upotevu. Uliondoka kwenye hesabu kabisa, kana kwamba gari lile halikuwepo. Dawa yake ilikuwa kuchukua kumbukumbu za magari yote mawili na kuzilinganisha kwa saa ya GPS, ili kila ujumbe uliotumwa uwe na safu yake, umefika au haukufika.

La tatu, safari za kwenda na za kurudi zilichanganywa. Lori linaloelekea Rwanda limebeba kontena, na mgongo wake una kimo cha mita nne na zaidi. Likirudi mara nyingi tela ni tupu na mawimbi yanapita juu yake bila kizuizi. Safari za kurudi zilifunika aibu ya safari za kwenda.

Baada ya kusafisha, wastani ulishuka. Lakini hata huo wastani mpya ulikuwa haujibu swali la dereva, na hapa inafaa hesabu kidogo. Tuseme kweli asilimia 90 ya ujumbe inafika, na kila ujumbe unapotea au kufika bila kutegemea mwenzake. Uwezekano wa kupoteza kumi mfululizo, yaani sekunde nzima ya ukimya, ni mara moja katika bilioni kumi. Gari likitangaza bila kuzimwa, ingechukua zaidi ya miaka 30 kuona ukimya wa namna hiyo mara moja. Sisi tuliukuta katika kila safari ya kupita Bahi. Upotevu haukuwa ukinyunyizwa ovyo. Ulikuwa ukija kwa mafungu. Magari mawili yakijiana kwa kilomita 80 kwa saa kila moja hukaribiana kwa mita 44 kila sekunde, na fungu la sekunde tatu linakula zaidi ya mita 130.

Shimo la mita 480

Kwa nini Bahi, na si mjini? Kwenye lami iliyonyooka na tambarare, wimbi hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na jingine likigonga lami na kuruka. Linaloruka hugeuka kichwa chini. Njia yake ni ndefu kidogo, na pale tofauti ya urefu inapolingana na wimbi moja kamili, mawili hayo yanakutana yakiwa kinyume na kufutana. Kwenye gigahezi 5.9 wimbi moja lina sentimita 5 hivi. Zidisha kimo cha antena ya kwanza kwa kimo cha pili, zidisha kwa mbili, gawanya kwa urefu wa wimbi: unapata umbali wa shimo la mwisho, lililo mbali kuliko yote. Kwa magari madogo yenye antena za mita 1.5, shimo hilo liko kwenye mita 90 hivi, na huko nishati bado ni nyingi, kwa hiyo watu wa magari madogo mara nyingi hawalihisi. Kwa antena mbili za mita 3.5, shimo linasogea hadi karibu mita 480, mahali ambapo mawimbi tayari yamechoka.

Eneo ambalo mawimbi hupungua kwa desibeli kumi au zaidi lina upana wa mita 50 hivi. Magari yanayokutana hulivuka kwa sekunde moja na kidogo. Lakini malori mawili ya msafara mmoja, yanayokwenda kwa mwendo uleule kwenye tambarare, yanaweza kukaa ndani ya shimo hilo dakika nyingi. Hicho ndicho madereva walichokuwa wakikiona. Mjini mawimbi hurudi kutoka kila ukuta, yanavurugika, na mpangilio huo safi wa kufutana haupatikani.

Modeli ya kwanza haikuweza kuliona shimo hilo hata kidogo, kwa sababu ilichukulia ardhi kama kitu kinachoongeza bahati nasibu tu. Sehemu yake ya pili, ya redio kugombania hewa, ilifanyiwa kazi kwa bidii bila sababu: ujumbe wa baiti 300 kwa megabiti 6 kwa sekunde hushika hewa chini ya nusu ya milisekunde, na magari kumi yakitangaza kwa pamoja hayafiki asilimia tano ya muda. Kwenye barabara hii msongamano wa hewani haupo, na hautakuwepo kwa miaka mingi.

Mita 300 hazikutosha tangu mwanzo

Basi la mita 12 linakwenda kilomita 80 kwa saa, nalo lori la mita 17 linakwenda 60. Ukiweka nafasi ya mita 20 nyuma na mita 20 mbele, basi linahitaji sekunde 12 na ushei kumaliza kulipita, na katika muda huo linatembea mita 275 hivi. Gari linalokuja kwa 80 nalo linatembea kiasi hicho hicho. Dereva anatakiwa kujua habari za gari lililo mita 550 mbele kabla hajachomoka. Onyo la mita 300 linamkuta akiwa ubavuni mwa tela.

Kwa onyo la lori la mbele linapofunga breki ghafla, mita 300 zinatosha na zinabaki. Mkataba ulikuwa umeweka kazi mbili tofauti chini ya lengo moja.

Na kuna jambo baya zaidi. Kwenye kuovateki, kizuizi kati ya basi na gari linalokuja ni lile lori lenyewe linalotakiwa kupitwa. Kwa nguvu ya kutuma ya desibeli-miliwati 23 (yaani miliwati 200 hivi), antena za kawaida na waya zake, mita 550 zinakuachia akiba ya desibeli kumi hivi juu ya kiwango cha chini ambacho redio inaweza kusikia. Vipimo vilivyochapishwa huweka hasara ya lori lililokaa katikati kati ya desibeli 10 na 20. Yaani akiba yote huliwa na kontena, na huliwa pale pale onyo linapohitajika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukugusa redio. Taa ya kijani iliondolewa siku ileile. Chuo kilipinga kidogo, kikisema skrini isiyo na kijani itaonekana kama imeharibika. Kilichomaliza ubishi ni desturi ya barabarani ambayo madereva wa malori wanayo kabla ya redio yoyote: lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia, kuna gari linakuja, subiri, likiwasha ya kushoto, pita, lisipowasha kitu, halijakwambia lolote, na dereva mwenye akili hachomoki kwa sababu tu indiketa haijawaka. Indiketa ina hali tatu. Skrini yetu ilikuwa na mbili, ikaifanya ya tatu kuwa ruhusa. Sasa skrini ina nyekundu kwa onyo, na kwa hali nyingine zote huandika “sina taarifa”. Hakuna kinachomwambia dereva apite.

Wa pili ulikuwa kuongeza antena ya pili kwenye mabano ya kioo cha pembeni, kimo cha mita 2.2. Kati ya antena hiyo na ile ya paa la gari jingine, shimo la mwisho linaangukia mita 300 hivi, si 480. Pale moja inapofutika nyingine iko vizuri, na kinyume chake. Wengine walitaka kuongeza nguvu ya kutuma badala yake. Hilo lilikataliwa kwa sababu lingevuka kibali cha majaribio ya masafa, na kwa sababu ndani ya shimo mawimbi yote mawili huongezeka pamoja na kuendelea kufutana.

Wa tatu ulikuwa kulitumia lori la mbele kama mpeleka habari: likisikia gari linalokuja, lirudie tangazo hilo kwa walio nyuma yake kupitia antena ndogo nyuma ya tela. Ndiyo indiketa ya kulia kwa njia ya redio. Tela hubadilishwa vichwa mara kwa mara, na hili lilileta kero ya waya na viunganishi ambayo hadi leo haijaisha.

Modeli ikaandikwa upya. Badala ya mstari mmoja wa umbali, ina hali tatu: njia iko wazi, kuna gari kubwa katikati, kuna mlima au kona katikati. Kila hali ina hasara yake, ile ya njia wazi ikifuata hesabu ya mawimbi mawili, na kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kuna uwezekano wake. Wazo la hali nzuri na mbaya zinazopokezana ni la zamani, la Gilbert mwaka 1960 na Elliott mwaka 1963, lililobuniwa kueleza makosa yanayokuja kwa mafungu kwenye laini za mawasiliano. Jibu la modeli halitolewi tena kwa asilimia ya ujumbe. Linatolewa kwa ukimya: mara ngapi, kwa safari, dereva atakaa zaidi ya sekunde moja, mbili, tatu bila habari ya gari lenye redio lililo ndani ya umbali anaouhitaji.

Matokeo

Kupotea kwa malori kwenye mbuga ya Bahi kulikoma kwa magari yaliyopata antena ya pili. Onyo la breki ndani ya msafara limebaki, na madereva wanalipenda, hasa usiku.

Onyo la kuovateki limesimamishwa. Redio yenyewe ilikuwa imeboreka, lakini mmiliki alielewa hesabu moja rahisi: kama gari moja kati ya ishirini barabarani lina redio, basi hata mawasiliano yakiwa kamili asilimia 100, basi lake litasikia gari moja kati ya ishirini yanayokuja. Lile Fuso lingebaki kimya vilevile. Uboreshaji wowote wa antena hauigusi namba hiyo.

Kilichofaa na kilichokwama

Kuunganisha kumbukumbu za magari mawili ndiyo kazi iliyolipa kuliko zote, nayo haikugharimu kifaa hata kimoja. Laiti ingefanyika mwanzoni, ubishi wa miezi kadhaa usingekuwepo. Kufuata malalamiko ya madereva pia kulilipa. Walikuwa wameipima barabara vizuri kuliko vifaa, na walikosea jambo moja tu, nalo tuliwafundisha sisi kwa taa.

Kuazima modeli ya mji kwa ajili ya mbuga kulikwama, kama ilivyotarajiwa. Lakini nisingemlaumu aliyeiazima kwa kuazima. Kila modeli huanzia mahali. Kosa lilikuwa kuipima kwa wastani uleule ambao modeli ilikuwa imeutabiri, badala ya kutafuta mahali ambapo ingeshindwa. Tambarare ya Bahi ilikuwa saa moja tu kutoka yadini.

Lengo la mkataba lilikwama vibaya zaidi, na sioni kama limepona. Mkataba mpya unataja ukimya usiozidi sekunde moja kwa onyo la breki, vizuri. Ila bado unanyamaza kuhusu nani anayelipia redio ya lori linalorudia tangazo kwa ajili ya basi la kampuni nyingine. Bila hilo, antena za nyuma ya tela zitafungwa kwenye malori ya mmiliki huyu pekee.

Mlima wa Saranda umeingizwa kwenye modeli kwa makisio tu. Kona zake na miamba iliyokatwa havifuati hesabu ya tambarare, na vipimo vilivyopo ni vya malori yaliyopakia yanayopanda polepole. Vya yanayoshuka matupu vitachukuliwa baada ya masika.